Lipu ya saruji inabanduka na ukuta unatoa chumvi: turudi kwenye chokaa?

Swali: Shikamoo fundi. Tumerithi nyumba ya babu Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, kuta zake nene kama urefu wa mkono. Miaka minne nyuma tulibandua lipu ya zamani chini, kwa sababu ilikuwa inatoka unga, tukapiga saruji. Sasa saruji imevimba, inaanguka vipande vipande, na chumvi nyeupe imepanda mpaka kifuani. Juu, boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani. Fundi wetu anasema tubandue tupige saruji tena, safari hii na dawa ya kuzuia maji. Shangazi anasema turudishe chokaa. Nani ana haki? Na chokaa inapigwaje siku hizi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Shangazi ana haki. Lakini ukimsikiliza nusu, ukaenda dukani leo ukanunua mifuko ya chokaa na kesho ukaanza kupiga, baada ya masika mbili utaniandikia tena kwamba chokaa nayo imeanguka. Kwa hiyo nivumilie, nitajibu kwa kirefu.

Tuanze na ile lipu ya zamani mliyoibandua kwa kuwa ilikuwa inatoka unga. Ile haikuwa imeshindwa. Ilikuwa kazini. Katika nyumba ya mawe lipu ndiyo inayotakiwa kufa ili ukuta uishi, na ninyi mlimfukuza mlinzi kwa sababu nguo zake zimechakaa.

Ukuta wa nyumba yenu si kitu kimoja kigumu kama tofali la saruji. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati umejazwa vipande vya mawe na udongo wa chokaa, mara nyingi umechanganywa na udongo mwekundu. Matumbawe yana matundu, chukua kipande ukitie majini uone kinavyokunywa. Hakuna msingi wa zege chini yake wala karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na mvua ya masika huingia kwa pembeni. Waliojenga walilijua hilo vizuri. Hawakujaribu kuyazuia maji yasiingie kabisa, waliyapa njia ya kutoka. Chokaa ina matundu madogo madogo. Maji hufika usoni mwa lipu, upepo unayachukua, na chumvi yaliyokuja nayo hubaki hapo hapo kwenye lipu. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, fuwele hukua, hupasua lipu kidogo kidogo, nayo hutoka unga. Baada ya miaka unapiga lipu mpya. Jiwe halijaguswa.

Saruji haiachii maji kwa kasi ile. Ukiipiga juu ya ukuta kama huo, yale maji yaliyokuwa yakitokea chini, sentimita 30 au 40 kutoka sakafuni, yanakuta mlango umefungwa. Basi yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana chumvi yenu sasa iko kifuani, na nina hakika wakati wa babu ilikuwa haipiti magoti. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Nyumba ya mawe hucheza: jua linaitanua, mvua inaishusha kidogo, lori likipita inatikisika. Chokaa huenda nayo. Saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, mvua huingia kwenye nyufa hizo, na ikishaingia haitoki. Mwishowe saruji hubanduka, na ikibanduka huondoka na uso wa jiwe.

Zile boriti mbili ni sehemu ya kisa hiki hiki. Mti wa mkoko ni mgumu sana, nimeona boriti za zaidi ya miaka mia moja zikilia kama chuma ukizigonga. Lakini ncha yake imekaa ndani ya ukuta, na ukuta ukiwa maji mwaka mzima, ncha huoza hata kama katikati ya boriti ni nzima kabisa. Mchwa nao hupenda mti uliolowa. Siwezi kuapa bila kuona, pengine bati lenu linavuja juu ya boriti hizo. Lakini saruji chini na boriti zilizooza juu ni ndugu wawili ninaowakuta pamoja kila mara.

Sasa ile dawa ya kuzuia maji. Mwambie fundi wenu, kwa heshima, kwamba dawa ile ina kazi yake kwenye tangi na kwenye paa la zege. Kwenye ukuta wa matumbawe unaofyonza maji kutoka ardhini ni kuuongezea mlango kufuli ya pili. Maji yatazidi kupanda juu.

Wala jambo hili si la pwani yetu pekee. Uingereza wana nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuta za tofali au mawe zisizo na uwazi katikati, na mafundi wao wa ukarabati wanahangaika na lipu ile ile ya saruji iliyopigwa na baba zao. Mawe ni mengine na mvua ni nyingine, ugonjwa ni mmoja.

Kabla ya kugusa lipu, tafuta maji yanatoka wapi. Subiri mvua kubwa, chukua mwavuli, simama nje uitazame nyumba. Mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, unamwaga wapi? Umetoka nje ya ukuta vya kutosha, au maji yanateremka kwenye ukuta wenyewe? Tazama bati la jirani, maana katika vichochoro vyetu mara nyingi jirani ndiye anayekunyeshea. Tazama bomba la maji machafu, shimo la choo, na mashine ya kupozea hewa inayodondosha tone moja kila sekunde mchana kutwa. Watu huidharau ile mashine. Tone moja moja kwenye ukuta mmoja kwa miaka mitano si jambo dogo. Halafu tazama baraza na njia: vichochoro vingi vimeongezwa zege juu ya zege mpaka njia imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na kama baraza yenu imepigwa saruji inayoinamia ukutani, mnauywesha ukuta wenyewe kwa mkono wenu. Hayo yote yarekebishwe kwanza. Nimeona watu wakitumia fedha zao zote kwenye lipu nzuri ya chokaa huku bomba la ghorofani linavuja. Fedha hizo zingemwagwa baharini, walau wasingechoka.

Na kama ukuta umetoka tumbo, yaani umevimba kwenda nje, usiguse kitu. Hiyo ina maana nyuso mbili zimeachana na ujazo wa katikati umeshuka. Ita mhandisi, ukuta ushikiliwe kwa nguzo kwanza. Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la masultani hapa Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, ikavumilia mizinga ya Waingereza ya 1896, kisha upande wake mkubwa ukaanguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Siisingizii lipu. Nakukumbusha tu kwamba nyumba za aina hii zikiamua kuanguka hazitoi notisi ndefu.

Kubandua saruji ni kazi ya nyundo na patasi, si ya mashine ya kutikisa. Gonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole: panapolia tupu kama mtungi, saruji imeshaachia, anzia hapo na uende pembeni taratibu. Panapolia pazito na saruji imeng'ang'ania jiwe, usilazimishe siku ya kwanza. Ukikuta kila kipande kinang'oa jiwe, acha sehemu hiyo, nenda penye shida zaidi, labda mwakani itaachia yenyewe. Chumvi iliyobaki kwenye mawe ipigwe kwa brashi kavu, ikusanywe, itupwe mbali. Usioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Kisha subiri. Hapa ndipo watu wanaponichukia. Hesabu ya kukadiria inayotumika ni kwamba ukuta uliolowa hukauka kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Ukuta wenu wa sentimita 50 unataka mwaka na nusu na ushei. Sisemi mlale humo na mawe wazi muda wote huo. Fanyeni hivi: pigeni lipu dhaifu ya chokaa, nyembamba, bila urembo, ambayo mnajua mtaibandua. Itakunywa chumvi kama kitambaa. Ikijaa chumvi na kuanza kutoka unga baada ya mwaka, ibandueni ndipo mpige lipu ya kweli. Ni gharama mara mbili, najua. Lakini mmeshalipa saruji mara moja bure, na mlikuwa karibu kuilipa mara ya pili.

Sasa chokaa yenyewe. Neno hili limechafuka madukani, watu huliita chokaa kila unga mweupe. Jiwe la chokaa au matumbawe ya nchi kavu yakichomwa kwenye tanuu kufikia nyuzi joto 900 hivi, hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali. Ukiitia majini huchemka yenyewe, hupasuka, ikawa chokaa iliyozimwa. Ukiipiga ukutani hunyonya polepole ile hewa ya kaboni iliyoipoteza tanuuni, na inarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana unaitaka ile iliyochomwa. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, halijapita motoni, halishiki kitu. Na mfuko wa chokaa nzuri uliofunguliwa na kukaa miezi dukani umeshanyonya hewa, umeshageuka jiwe ndani ya mfuko. Jipime kwa siki: tia kijiko cha chokaa kwenye sahani, mwagia siki. Ikitoa mapovu kwa wingi, ni jiwe la kusagwa au chokaa iliyokufa, irudishe. Chokaa iliyozimwa na bado hai haitoi povu la maana.

Ukipata chokaa kali, zimeni wenyewe. Pipa la chuma, maji kwanza, halafu chokaa kidogo kidogo. Chokaa iingie majini, kamwe usimwage maji juu ya rundo la chokaa, italipuka usoni mwako. Miwani, glavu, mikono mirefu, na ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi kwa muda mrefu kisha nenda hospitali, usisubiri uone itakuwaje. Ikishapoa ichujwe kwa chekeche, ikae kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji vidole viwili juu yake. Mwezi mmoja ni kidogo, miezi mitatu ni vizuri, mwaka ni bora zaidi. Hiyo rojo, laini kama samli iliyoganda, haiharibiki maadamu haikauki. Mkikosa chokaa kali tumieni ya mfuko iliyopita mtihani wa siki, mkailoweka iwe rojo siku moja au mbili kabla ya kuichanganya. Si sawa, lakini inafaa.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Onja. Ndiyo, utie ulimini, kama una chumvi mrudishie mwenye gari. Uwe mkali, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Jaza chupa nusu mchanga nusu maji, tikisa, acha mpaka kesho: tope likikaa nene juu ya mchanga, haufai mpaka uoshwe. Kipimo ni rojo moja kwa mchanga tatu, kwa ndoo, si kwa jicho. Na usiongeze maji ili iwe rahisi kuchanganya. Chokaa hulainishwa kwa kupondwa. Mwanzoni mchanganyiko utaonekana mkavu kabisa, mafundi vijana watakuomba maji, wanyime. Ponda kwa mpini au kwa mguu wenye buti, baada ya robo saa utaona wenyewe unatoa mafuta. Wazee wetu walipopiga sakafu ya chokaa walikuwa wakiiponda kwa fimbo siku nzima, wanaimba ili wasilale. Kwenye sehemu za chini zenye unyevu mwingi unaweza kutia unga wa tofali la kuchoma lililosagwa, husaidia chokaa kushika hata penye maji. Mafundi wa zamani waliujua ujanja huo bila kusoma kemia.

Utaulizwa: tutie saruji kidogo tu, ishike haraka? Hapana. Saruji kidogo ndani ya chokaa haikupi nguvu ya saruji, inakunyima upole wa chokaa, na ukipata lipu dhaifu hutajua ni ipi iliyokuangusha.

Kupiga. Lowanisha ukuta jana yake na tena asubuhi, mpaka usiendelee kunywa. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vijiwe na udongo wa chokaa, usijaribu kuyaziba kwa lipu nene. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, urushwe kwa mwiko ukutani kwa nguvu, usipakwe. Ukiurusha unaingia kwenye matundu ya matumbawe, ukiupaka unakaa juu kama siagi. Mkono wa pili uwe milimita 10 hadi 15, usizidi, ukwaruzwe mistari ya mshazari ili mkono unaofuata ushike. Subiri angalau wiki moja. Kidole gumba kisizame ukibonyeza, lakini ukucha uache alama. Kila jioni kwa siku tatu nne pita na ubao wa kusugulia ukibana nyufa ndogo zitakazotokea, maana chokaa ikikauka husinyaa. Mwisho niru, milimita mbili au tatu za chokaa nyeupe laini, ukibanwa kwa mwiko mpaka ung'ae. Kuta za ndani za nyumba za zamani za Lamu, zile zenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinaonyesha mkono mzuri unavyoweza kufika mbali kwa chokaa.

Chokaa haikauki tu, inageuka, na kugeuka kunataka unyevu. Jua likiikausha kabla haijanyonya hewa inabaki unga ulioshikiliwa na bahati. Nilijifunza hilo vibaya. Kijana bado, nilipiga ukuta wa magharibi Shangani wakati wa Kaskazi, jua kali na upepo mkavu, siku ya Alhamisi. Ijumaa nikaenda harusini Pemba, nikarudi Jumatatu. Nilipopitisha kiganja, lipu ilibaki kiganjani. Mwenye nyumba hakusema neno, alinitazama tu, na mpaka leo nikikutana naye sokoni namwamkia mimi kwanza. Kwa hiyo tundika magunia ya katani yaliyolowa mbele ya ukuta, uyalowanishe asubuhi na jioni kwa wiki nzima walau, na upige kazi yako kipupwe, Juni mpaka Agosti, masika yakishapita na jua bado lina adabu.

Rangi ya mafuta na rangi ya plastiki msizitumie kabisa, ndani wala nje. Kupiga chokaa kisha kupaka plastiki ni kurudisha saruji kwa mlango wa nyuma. Pakeni chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitano au sita, kila mmoja juu ya ukuta uliolowanishwa. Mkitaka rangi, tieni unga wa rangi wa madini, ule wa manjano ya udongo au mwekundu, haupauki na chokaa haiuli. Wengine hutia chumvi ya jikoni kwenye chokaa ya kupaka ili ishike. Kwenye ukuta wenu, ambao chumvi ndiyo maradhi yake, naomba msifanye hivyo. Kwetu chokaa ilipakwa kila mwaka kabla ya Ramadhani, watoto ndio waliokuwa mafundi, na nywele zetu zilikuwa nyeupe kuliko za bibi.

Jambo la karatasi: Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kazi yoyote ya namna hii inahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nendeni mapema, kabla ya kumleta fundi. Boriti nazo wekeni kwenye ombi hilo hilo. Ncha iliyooza inaweza kukatwa na boriti ikaungwa au ikabadilishwa, lakini mhandisi aione kwanza, kwa sababu juu yake kuna sakafu yenye uzito wa chokaa na mawe.

Na kama kuna chumba kilichoongezwa uani kwa matofali ya saruji, hicho kipigeni saruji yenu bila wasiwasi. Chokaa si dini. Ni lipu inayofaa ukuta wa aina fulani.

Mkitafuta fundi mwingine, msimuulize kama anajua chokaa, kila mtu atasema anajua. Muulizeni: asubuhi ya kupiga, ukuta utaufanya nini? Akisema ataupiga ukiwa mkavu kabisa, mshukuruni na mwagizieni chai. Akisema ataulowanisha, muulizeni tena atafanya nini kesho yake baada ya kupiga. Akitaja magunia, huyo mpeni funguo.